Charade: filamu iliyoponyoka mikononi mwa wenyewe

Treni inakata mashamba ya Ufaransa, maiti ya mwanamume inatupwa nje na kubingirika hadi kando ya reli. Hakuna aliyesema neno. Hapo muziki wa Henry Mancini unaingia na mishale ya rangi inaanza kujizungusha kwenye skrini, kazi ya Maurice Binder, yule yule aliyebuni mwanzo wa filamu ya kwanza ya James Bond mwaka mmoja kabla. Mara tuko Megève, kwenye theluji ya Alps. Audrey Hepburn amejikalia anakula, miwani ya jua usoni, na mkono uliovaa glavu unamlenga kwa bastola. Kidole kinabana. Maji yanamrukia usoni: kumbe ni mtoto na bastola yake ya kuchezea.

Hiyo ndiyo Charade ya mwaka 1963, na hadi mwisho haiachi mchezo huo wa kukutisha kisha kukuchekesha. Hepburn ni Regina Lampert, mke aliyekwenda likizo akaamua kudai talaka. Anaporudi Paris anakuta nyumba nyeupe, hata kiti hakuna, na polisi wanamwambia mumewe ameuawa. Msibani wanafika wanaume watatu asiowajua. Wa kwanza anapiga chafya juu ya jeneza. Wa pili anamwekea marehemu kioo puani aone kama bado anapumua. Wa tatu anamchoma sindano. Wote wanatafuta dola 250,000, thamani ya dhahabu iliyoibwa wakati wa Vita Kuu ya Pili badala ya kufikishwa kwa wapiganaji wa siri wa Ufaransa, na wote wanaamini mjane anajua ilipo. Anayejitolea kumsaidia ni Cary Grant, mtu mcheshi, mtanashati, anayebadili jina kila ukigeuka. Fedha iko wapi sitasema. Ambaye hajaitazama asije akanilaani.

Hadithi yenyewe ilianza kwa kukataliwa. Peter Stone na Marc Behm waliizungusha Hollywood, hakuna aliyeitaka. Stone akaigeuza riwaya, jarida la Redbook likaichapa, na wale wale waliokuwa wameifungia mlango wakaja kuigombea. Ikaangukia kwa Stanley Donen, mwongozaji aliyekuwa amejijengea jina kwa filamu za nyimbo na dansi, ikiwemo Singin' in the Rain aliyoiongoza pamoja na Gene Kelly mwaka 1952. Donen alikuwa ameipenda mno North by Northwest ya Alfred Hitchcock, naye akataka ya kwake ya aina hiyo. Alifanikiwa kiasi kwamba wengi hadi leo huidhania Charade kuwa ya Hitchcock. Mimi naona Donen alimzidi kwenye jambo moja: watu wake wanazungumza kama wanacheza dansi, mmoja akirusha neno mwenzake ameshalidaka.

Tatizo lilikuwa umri. Grant alizaliwa mwaka 1904, Hepburn mwaka 1929, na Grant mwenyewe aliona aibu kuonekana mtu mzima aliyekula chumvi nyingi akimwinda binti. Dawa aliyoitaka iligeuka utamu wa filamu nzima: mwanamke ndiye awe mwindaji. Regina anamtongoza waziwazi, naye anarudi nyuma, anajitetea kwa miaka yake, anatafuta pa kutorokea. Kwenye onyesho moja Grant anaingia bafuni na kuoga amevaa suti yake kamili, anaisugua kwa sabuni kama mtu anayefua akiwa ndani ya nguo, huku Hepburn akimtazama na kucheka. Bwana huyu alikuwa anakaribia miaka 60. Ni wachache wa umri huo wangekubali kulowana hivyo mbele ya kamera.

Husimuliwa pia kwamba siku walipotambulishwa, mezani, Hepburn alimmwagia Grant mvinyo mwekundu kwenye suti, akataka ardhi immeze. Donen hakuliacha lipite bure. Ndani ya filamu, wakitembea kando ya mto Seine, Regina anachezesha mikono akiongea na aiskrimu yake inatua kwenye koti la bwana.

Kamera zilifanya kazi Paris kuanzia vuli ya mwaka 1962, na jiji linaonekana lenye baridi, la makoti na pumzi za moshi. (Mjane huyu tumeambiwa hana kitu, lakini kila onyesho ana vazi jipya la Givenchy. Mshonaji hakusoma hadithi, au aliisoma akaipuuza.) Ukimbizano wa mwisho unapita kati ya nguzo za Palais-Royal, ambazo bado zipo. Les Halles, soko kuu la chakula la jiji, linaonekana pia, nalo ndilo lililokwenda: mwaka 1969 biashara ilihamishiwa Rungis, na miaka michache baadaye mabanda yake ya chuma yakavunjwa.

Charade ilifunguliwa New York tarehe 5 Desemba 1963, majuma mawili hayajatimia tangu Rais Kennedy apigwe risasi Dallas. Kwenye maongezi ya mzaha ya kando ya mto lilikuwemo neno la Kiingereza linalotumika kwa mauaji ya viongozi, na neno hilo halikuvumilika tena. Likafutwa, likarekodiwa jingine la upole juu ya midomo ile ile.

Kosa kubwa, lakini, halikuonwa na mtu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1909 ilitaka filamu inayotolewa kwa umma ionyeshe mambo matatu: mwaka, jina la mwenye mali, na neno la hakimiliki au alama yake, ile herufi C ndani ya duara. Tazama kibao cha jina kati ya mishale ya Binder. Mwaka upo, kwa tarakimu za Kirumi. Universal wapo, kampuni ya Donen ipo, na onyo kwamba haki zote zimehifadhiwa lipo. Neno la hakimiliki halipo, wala alama. Kwa sheria ya siku zile, filamu iligeuka mali ya umma Marekani tangu ilipotoka. Kanda za video zilipoenea, kila mwenye mashine akatoa nakala yake na kuiuza kwa bei ya kutupa, nyingi zenye rangi zilizopauka na sauti ya kukwaruza. Muziki wa Mancini tu ndio uliobaki na mwenyewe, kwa kuwa uliandikishwa kando. Mimi siwaonei Universal huruma sana. Filamu iliyonakiliwa na kila mtu iliingia nyumba ambazo isingeingia, na mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa.

Mwaka 2002 Jonathan Demme aliitengeneza upya kwa jina la The Truth About Charlie, Mark Wahlberg akishika nafasi ya Grant na Thandiwe Newton ya Hepburn. Ilipokewa kwa ubaridi. Ilipotolewa kwenye DVD, upande wa pili wa diski Universal waliweka Charade yenyewe, nzima, bila malipo ya ziada.