Liwali, Akida na Forodha: Serikali ya Rumi katika Biblia Yetu na Pwani ya Tanga

Katika somo la Biblia la jumuiya moja ya Mabawa, mjini Tanga, tulisoma habari za kuitwa kwa Mathayo. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye zamani alikuwa wakala wa kukusanya ushuru sokoni, alituuliza swali tusilolitazamia: je, Mathayo alikuwa ameajiriwa na serikali, au aliikodi ile forodha? Tulijibu kwa haraka kwamba alikuwa mtumishi wa Warumi. Baadaye tulitambua kwamba mzee aliuliza vizuri kuliko tulivyojibu, na makala haya ni jaribio la kumpa jibu linalomstahili.

Swali lake limo ndani ya lugha yenyewe. Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, inapoitaja serikali ya Rumi hutumia maneno ya pwani. Pilato ni liwali, cheo walichokuwa nacho wawakilishi wa Sultani wa Unguja katika miji kama Tanga na Pangani. Kornelio wa Kaisaria ni akida. Mathayo ameketi forodhani. Hivyo Mkristo wa Tanga anaposoma Injili huiona dola ya Kirumi kwa kupitia dirisha la historia ya kwao, na dirisha hilo mahali pengine ni safi, mahali pengine lina ukungu.

Neno liwali halina matata makubwa. Jiwe lililofukuliwa Kaisaria mwaka 1961 lamtaja Pilato kwa cheo cha praefectus, yaani afisa wa tabaka la wapanda farasi, lililokuwa chini ya lile la maseneta. Alishika askari, hukumu na mapato kwa niaba ya Kaisari. Msikilizaji wa pwani hapotoshwi sana.

Akida ndilo neno la kuangaliwa. Akida wa Kirumi, centurio, alikuwa askari mwenye kuongoza watu wapatao 80, ingawa jina la cheo chake lilitokana na mia. Lakini kwenye pwani hii Wajerumani walimfanya akida kuwa mtawala wa raia, aliyewekwa juu ya majumbe, mwenye kusikiliza mashauri, kutoa watu wa kufanya kazi za shuruti na kusimamia kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Wengi wao walikuwa watu wa pwani waliopelekwa kutawala watu wasio wao, na katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa. Basi mtu ambaye babu yake alichapwa viboko kwa amri ya akida anaposikia kwamba akida alimtukuza Mungu chini ya msalaba, anasikia jambo ambalo wafafanuzi wa Ulaya hawakulifikiria. Hatuthubutu kusema kwamba amekosea. Kwa mkulima wa Uyahudi pia, serikali ya Rumi ilikuwa na uso, na mara nyingi uso huo ulikuwa wa akida.

Sasa tuje forodhani. Warumi wa zamani wa Jamhuri hawakuwa na makarani wa kutosha kukusanya kodi za majimbo. Walizinadi. Kwa sheria ya Gayo Grako ya mwaka 123 K.K., kodi za jimbo la Asia zilinadiwa Rumi kwenyewe, na makampuni ya matajiri yalishindana kuzinunua kwa muda wa miaka mitano. Mshindi aliahidi kuilipa hazina fedha zilizokubaliwa. Chochote alichokusanya zaidi kilikuwa chake. Mtu huyu aliitwa publicanus. Yulio Kaisari alipunguza utaratibu huo kwa kodi za ardhi, lakini ushuru wa bidhaa, katika bandari na njia kuu, uliendelea kukodishwa.

Utaratibu wa namna hiyo haukuwa mgeni katika bahari yetu. Baada ya Augusto kuitwaa Misri mwaka 30 K.K., merikebu za wafanyabiashara zilishuka kwa wingi kupitia Bahari ya Shamu, na mali iliyorudi kutoka huko ilitozwa robo ya thamani yake ilipoingia Misri. Mmoja wa wafanyabiashara hao, aliyeandika kwa Kiyunani yapata katikati ya karne ya kwanza, miaka ileile ya safari za Paulo, ametuachia kitabu cha mwongozo kiitwacho Periplus. Anaieleza pwani ya Azania hadi soko lake la mwisho, Rhapta, jina litokanalo na mashua zilizoshonwa kwa kamba, kama mitepe waliyoijua babu zetu. Katika kisiwa cha Menouthias, mwendo wa siku mbili kabla ya Rhapta, aliona watu wakivua kwa vikapu vilivyotegwa kwenye mikondo ya maji. Mvuvi wa Tanga atasema mara moja kwamba hayo ni madema. Wataalamu wengine wameitafuta Rhapta huko Pangani. Wengine, hasa Felix Chami aliyeeleza habari za shanga za Kirumi kutoka delta ya Rufiji, wameitafuta kusini. Kwa hoja yetu mahali penyewe si kitu.

Lililo kubwa ni habari ya utawala. Mwandishi asema Rhapta ilikuwa chini ya chifu wa Mapharitis, katika Yemen ya leo, kwa haki ya zamani, na kwamba watu wa bandari ya Muza waliishika kwa kulipa kodi kwake. Hao walipeleka manahodha na mawakala Waarabu, waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao. Hapakuwa na jeshi la Kirumi hapa. Palikuwa na mikuki na shoka zilizoletwa kuuzwa, divai na nafaka za kutafutia urafiki, na pembe za ndovu zilizotoka kwa wingi.

Katika karne ya 19 masultani wa Unguja walikodisha forodha zao kwa njia hiyohiyo. Aliyejulikana zaidi kati ya wakodi hao ni Jairam Shivji, mfanyabiashara kutoka Kutch. Kisha, Aprili 1888, Sultani Khalifa alitia sahihi mkataba wa kuikodisha Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na forodha za pwani, toka mto Umba hata Ruvuma, kwa miaka 50. Agosti mwaka huo bendera ya kampuni ilipandishwa Pangani, na watu wakainuka. Abushiri bin Salim alinyongwa hukohuko Pangani, Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani ililipa maraki milioni 4, na ukodi ukawa umiliki. Mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri walianza kazi Tanga, jambo ambalo wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa hukariri bila kuliweka karibu na hayo mengine.

Kwa hiyo, mzee wetu, Mathayo hakuajiriwa na Rumi. Kapernaumu ilikuwa katika milki ya Herode Antipa, na yaelekea forodha ile ilikuwa imekodishwa, naye Mathayo ama alikuwa mkodi mdogo ama wakala wa mkodi. Zakayo wa Yeriko, mkubwa wa watoza ushuru, ndiye aliyekuwa na mkataba mkononi. Mhubiri anayewafananisha na makarani wa serikali wenye mshahara anaondoa uzito wa ahadi ya Zakayo ya kurudisha mara nne: alikuwa anairudisha faida yenyewe ya kazi yake, ile iliyomfanya ainunue.

Tulipomrudia mzee na maelezo haya alinyamaza kidogo, kisha akaomba tumsomee Ufunuo 18, orodha ya bidhaa ambazo wafanyabiashara wa mji mkuu wanaomboleza kwamba hakuna wa kuzinunua tena. Tulisoma mpaka tulipofika kwenye vyombo vya pembe. Hapo alituzuia akasema, "Hizo za kwetu." Tukaendelea hadi mwisho wa orodha, ambapo baada ya ng'ombe, kondoo na farasi wanatajwa wanadamu. Hakusema neno. Pangani, aliyozaliwa mama yake, ilisafirisha vyote viwili.