Kalamu ya Okullu na imani ya watu wa Jogoo Road

Ukishuka matatu City Stadium, kwenye Jogoo Road jijini Nairobi, pua itakufikisha Soko la Burma kabla ya macho. Hapa ni kwa nyama: mbuzi, matumbo, vichwa na miguu, na moshi wa choma usiokatika. Wazee wa Shauri Moyo husema jina lililetwa na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliorudi kutoka vita vya Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw mwaka 1944.

Watu wa soko hili ni wa kanisa vilevile. Wengi walilelewa katika uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Ndugu waliookoka walisimama mbele ya wenzao wakaungama ulevi, wizi, chuki. Ilikuwa imani ya ndani kabisa, na ilinyoosha maisha ya watu. Lakini kuhusu kodi ya nyumba, hongo na ukabila kazini, wengi walinyamaza. Kwao hiyo ilikuwa siasa, na siasa ni uchafu.

Aliyewasumbua kwa kalamu ni Henry Okullu. Alizaliwa Asembo mwaka 1929, akapata upadri Uganda, akahariri gazeti la kanisa la huko, New Day. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuja Nairobi akawa Mwafrika wa kwanza kuhariri Target, gazeti la Kikristo lililokuwa na ndugu yake wa Kiswahili, Lengo. Hakuwa fundi wa maneno matamu. Aliandika sentensi fupi, kavu, za mtu mwenye habari ya kutoa.

Jaribio kubwa likaja upesi. Tarehe 5 Julai 1969 waziri Tom Mboya, Mjaluo, aliuawa kwa risasi mjini; alikuwa mbunge wa jimbo ambalo leo ni Kamukunji, Burma ikiwemo. Miezi iliyofuata Wakikuyu wengi walilishwa kiapo cha kulinda utawala usitoke nyumbani kwao, na waumini waliokataa walipigwa. Target ya Okullu ililaani viapo hivyo waziwazi. Hebu fikiria muuza nyama wa wakati huo, Mkikuyu mwenye jirani Mjaluo kwenye kibanda cha pili. Je, mtu aweza kula kiapo Jumamosi na kupokea Meza ya Bwana Jumapili? Lilikuwa swali la imani yake mwenyewe, na gazeti lilikuwa limelitamka.

Mwaka 1971 Okullu akawa provosti wa kwanza Mwafrika wa kanisa kuu la All Saints, Nairobi. Mwaka 1974 akawekwa kuwa askofu wa Maseno Kusini, na mwaka huohuo Uzima Press ikatoa kitabu chake Church and Politics in East Africa. Hoja yake kwa ufupi: kanisa lifanye kazi na serikali, lakini lisiikaribie mno hata likashindwa kuikemea.

Mimi nilikipata kitabu hicho kwa wauza vitabu vya mitumba, jalada limechanika. Nilikuwa nimezoea kuungama hasira na uongo wangu, basi. Okullu aliniongezea orodha. Kuna siku nilisimama kwenye duka la nyama, si lazima niseme lipi, nikaona sindano ya mizani imekaa mbele ya sifuri hata kabla nyama haijawekwa. Mama mmoja akalipia kilo nzima, akaondoka na pungufu. Nilipomuuliza mwenye duka, alinihesabia anaowalipa ili asifungiwe. Zamani ningemwombea muuzaji peke yake. Siku hiyo niliwaombea na hao anaowalipa, tena kwa ghadhabu, na sioni kama ghadhabu hiyo ilikuwa dhambi.

Yaliyofuata Kenya baada ya kitabu hicho yanajulikana. Okullu alipinga kura ya mlolongo, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, ilipoletwa mwaka 1986. Mwaka 1990, baada ya mchungaji Timothy Njoya kuhubiri Siku ya Mwaka Mpya kuhusu kuanguka kwa tawala za chama kimoja, Okullu alidai vyama vingi na kikomo cha mihula miwili kwa rais. Tarehe 7 Julai, Saba Saba, siku ya mkutano wa kudai vyama vingi, uwanja wa Kamukunji ukazingirwa na polisi na Eastlands ikawaka. Mwezi uliofuata waziri Peter Okondo aliwaonya Okullu na askofu mwenzake Alexander Muge wasikanyage Busia, la sivyo huenda wasitoke hai. Muge alikwenda. Alikufa barabarani akirudi, tarehe 14 Agosti.

Okullu alistaafu 1994, akatoa kumbukumbu zake, Quest for Justice, mwaka 1997, na kufariki Machi 1999. Kikomo cha mihula miwili kilikuwa kimeingia katiba tangu 1992, na kwa kikomo hicho Rais Daniel arap Moi aliondoka Ikulu Desemba 2002.

Nina lawama moja kwake. Vitabu hivyo aliviandika kwa Kiingereza, kwa hiyo muuza matumbo wa Burma aliyapata mawazo yake mimbarani au kwenye mazungumzo, mara chache kwenye ukurasa. Makanisa yana mitambo ya uchapishaji na watafsiri. Kitabu Church and Politics in East Africa kimetimiza nusu karne. Yakitoe kwa Kiswahili, kwa bei isiyozidi ya kilo moja ya nyama.