Mark X inateleza nyuma? Anza na tairi

Toyota Mark X nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na ile ya lita 3.5 ina nguvu za farasi zaidi ya 300. Ukikanyaga mafuta ghafla kwenye lami yenye maji, tairi za nyuma huzunguka bure na mkia wa gari unaanza kuhama.

Wengi hukimbilia kufunga difu ya LSD. Inasaidia kweli, maana difu ya kawaida huacha gurudumu lililoteleza lizunguke huku lenzake likikosa nguvu. Lakini LSD haiongezi mshiko wa mpira. Inatumia tu uliopo. Kila tairi inagusa lami kwa eneo kama la kiganja, basi. Tairi yenye kipara haifai, hata iliyokakamaa kwa uzee huku kashata zikionekana nzima. Upepo upime tairi ikiwa baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni kwa dereva.

Shokapu zikichoka, tairi hurukaruka na kuachia barabara. Kuchomelea difu, kama wanavyofanya vijana wa drifti, usithubutu kwa gari la barabarani: kwenye kona tairi moja lazima iburuzwe. Na mvua ikinyesha, kitufe cha kuzima TRC usikiguse.