Jina la Mwenye Vyombo na Jina la Mtindo: Safari ya Msondo Ngoma

Kwa sisi tuliokulia Nyakato, Mwanza, kando ya barabara ya Musoma, bendi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa sauti kabla hazijawa sura. Zilitufikia kwa Radio Tanzania, na mara nyingi tuliujua mtindo kabla ya kuwajua wapigaji. Naamini usikivu ule wa mbali ulitufunza jambo ambalo wanahistoria wa muziki wa dansi hulipita haraka. Bendi ya roki ya Uingereza husimuliwa kwa kuhesabu albamu zake na kufuatilia waasisi wake. Bendi ya dansi ya Tanzania ikisimuliwa hivyo, hupotea mikononi mwa msimulizi.

Tuitazame Msondo Ngoma. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka huohuo. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Vyama tawala vya TANU na ASP vilipoungana mwaka 1977 kuwa CCM, jumuiya ya wafanyakazi nayo ikapangwa upya, na bendi ikawa JUWATA Jazz. Mwaka 1991 jina likageuka tena: OTTU. Mabadiliko hayo yote yalitoka ofisini, muziki haukuulizwa.

Wapigaji nao hawakutulia. Mwaka 1978 mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo na baadhi ya wenzake waliondoka kwenda kuanzisha Mlimani Park, bendi iliyomilikiwa na kampuni ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 Gurumo akahamia bendi ya Safari Sound, na baadaye akarejea Msondo. Anayeamini kwamba bendi ni watu wake ataona hapa bendi inayovunjika kila mara. Mimi naona fundi anayebadili mwajiri. Mlimani walikuwa na mtindo wao, sikinde, JUWATA wakabaki na wao, msondo, majina yote mawili yakiwa yamechukuliwa kwenye ngoma za jadi. Mashabiki wakagawanyika kama wa Simba na Yanga, na waligawanyika kwa mtindo: mtu alikuwa wa Msondo au wa Sikinde, hata kama mwimbaji aliyempenda alikuwa amehamia upande wa pili. Bendi ya OTTU ilipobaki bila chama cha kuibeba, ilijiita kwa kile ambacho hakuna ofisi iliyowahi kukibadili, Msondo.

Sunburst walikuwa na safari nyingine. Hawa walikuwa bendi ya roki hasa, iliyozaliwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Santuri yao ndefu, Ave Africa, ilitolewa Zambia mwaka 1976, na haukupita muda bendi ikasambaratika. Lakini santuri haisambaratiki: mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Ulaya iliitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine, ikafika kwa wasikilizaji ambao hawakuwahi kuwaona wakipiga.

Mfano huo unaibana hoja yangu kwamba bendi ya dansi huishi kwa mtindo wake, nami sitaukwepa. Mtindo uliihifadhi Msondo, ila uliwafunika wapigaji. Nyimbo nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania, kanda zikabaki za redio, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki haikupatikana hadi mwaka 1999. Mpenzi wa Msondo anaweza kuitambua chemko, sehemu ya wimbo inayochangamka, kwa sekunde chache asijue ni nani aliyeshika gitaa la solo. Na wanaojua wanaondoka: TX Moshi William, mwimbaji wa Msondo, alifariki mwaka 2006, Gurumo mwaka 2014. Kanda za Radio Tanzania zimerithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Kwa hiyo utafiti ninaoutaka hauanzii kwenye maktaba: wapigaji waliobaki waketishwe mbele ya kanda hizo, wimbo baada ya wimbo, na kila mmoja aandikiwe jina lake: nani alipiga solo, nani besi, nani alipuliza tarumbeta.