Ufaraguzi wa Msuko

Mwanafunzi yeyote aliyesoma fasihi simulizi katika shule za sekondari za Kenya analijua neno ufaraguzi. Ni uwezo wa fanani kutunga na kutongoa papo hapo, akiibadili kazi yake kulingana na hadhira iliyo mbele yake. Neno limekaa vizuri darasani, lakini nje ya darasa hatujalituma kazi. Tunapokutana na vikundi vya wachekeshaji wanaopanda jukwaani bila mswada, tunaandika “vichekesho vya papo kwa papo” na kuishia hapo. Maelezo hayo ni sahihi, ila sanaa yenyewe ina matawi mawili, na tawi ninalolipenda zaidi halijapata jina kwetu.

Tawi la kwanza ni la michezo mifupi. Mizizi yake iko kwa Viola Spolin, mwalimu wa Chicago aliyebuni michezo ya maigizo alipokuwa akifundisha watoto, wengi wao wa familia za wahamiaji, na mwaka 1963 akaiweka katika kitabu. Kila mchezo una kanuni inayotangazwa mapema: labda wahusika wote waseme kwa maswali tu. Dakika tatu nne, watu wanacheka, mchezo umekwisha. Unaofuata hauna habari na uliotangulia. Kipindi cha Waingereza Whose Line Is It Anyway?, kilichoanza redioni mwaka 1988, ndicho kilichoisambaza michezo ya namna hii duniani.

Tawi la pili Wamarekani hulitambua kwa urefu wake, na mfasiri mwenye haraka ataandika “ufaraguzi mrefu”. Tafsiri hiyo siikubali. Kikundi kinaweza kucheza michezo mifupi 20 kwa saa mbili na kisiiguse sanaa hii, na kingine kikaimaliza kwa nusu saa. Kinachoitofautisha ni kwamba lililosemwa mwanzoni halipotei. Linakaa vichwani mwa waigizaji wote mpaka lirudi likiwa limeungana na jingine.

Tuchukue muundo wake mashuhuri zaidi, unaoitwa Harold. Wako jukwaani saba au wanane. Mmoja anaomba neno kutoka kwa hadhira, na tuseme mtu wa safu ya tatu anapaza sauti: “Funguo!” Kikundi kizima kinalichambua neno hilo kwa maneno na miili, kila mmoja akitupa linalomjia: funguo za marehemu babu, sanduku la bibi harusi, zamu ya usiku. Kutoka hapo wanatokea wawili wawili. Onyesho la kwanza ni la mlinzi mwenye funguo za jengo zima, ambaye mkewe amemfungia nje ya nyumba yake mwenyewe. La pili ni la bibi harusi asiyeweza kulifungua sanduku la shela. La tatu ni la ndugu wanaogombea kabati la babu wasilojua lina nini. Hakuna anayezima taa onyesho likishaiva. Mwenzao aliyesimama ukutani anakatiza mbio mbele ya jukwaa, kama anayelifagia, na wengine wanaingia.

Halafu unakuja mchezo wa kikundi kizima, kisha visa vitatu vinarudi vikiwa vimesogea mbele, mchezo mwingine, kisha vinarudi tena. Safari hii mipaka inavuja. Mlinzi anaitwa arusini kwa sababu ndiye pekee mwenye funguo nyingi. Anajaribu mmoja mmoja, na sanduku linapofunguka ndani yake mna hati ya kabati la babu. Ukumbi unalipuka kwa kicheko, wala hakuna aliyesema mzaha. Watu wanacheka kwa sababu wameona jambo likijipata lenyewe mbele ya macho yao, na wanajua halikupangwa.

Kwa hiyo napendekeza “ufaraguzi wa msuko”. Msuko ni neno ambalo wahakiki wetu wameshalizoea kwa mpangilio wa matukio katika riwaya na tamthilia. Msusi naye hushika mafungu matatu, akaliacha moja na kulirudia, na nywele haziwi msuko mpaka yote yamepitiana. Tawi la kwanza basi liitwe “ufaraguzi wa michezo”, na mwanakikundi tumwite mfaraguzi.

Hapa fasihi simulizi yetu inahitaji kupanuliwa kidogo, maana ufaraguzi tuliofundishwa ni wa fanani mmoja mwenye hadhira yake. Wafaraguzi wa msuko ni wengi, na hakuna kiongozi kati yao. Kanuni inayowaweka pamoja ina neno kongwe kwetu: kupokea. Katika ngoma mmoja huanzisha wimbo, wengine wakapokea. Mfaraguzi akiambiwa na mwenzake, “Daktari, mkono wangu umegeuka mti,” hajibu kwamba yeye si daktari. Anapokea na kuongeza: “Umwagilie asubuhi na jioni, ila usikaribishe mbuzi.” Akikataa, mwenzake amebaki peke yake mbele za watu.

Ndiyo maana sifa ya sanaa hii huwaendea wanakikundi kwa pamoja. Pale ImprovOlympic mjini Chicago, ambako Charna Halpern na Del Close waliukuza muundo wa Harold miaka ya 1980, watu walikwenda kuitazama timu kwa jina lake. Iliyosifiwa sana mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliitwa The Family, na ndani yake walikuwemo Matt Besser, Ian Roberts, Neil Flynn na Adam McKay, ambaye baadaye akawa mwongozaji wa filamu.

Je, wanaotumia Kiswahili hawakuwa na kitu kama hiki? Walikuwa na kilicho jirani. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana na kikundi cha Mufwankolo mjini Lubumbashi, wakati huo Zaire, kikitayarisha igizo kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Mswada haukuwepo. Walikubaliana visa, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, na maneno ya Kiswahili cha Shaba yakatoka kinywani mwa kila mmoja bila kuandikiwa. Fabian alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1990. Ule ni ufaraguzi kamili, lakini msuko wake ulisukwa mazoezini. Wa Harold husukwa hadhira ikiona, na neno la kwanza hutoka kwa hadhira hiyo.

Harold lenyewe silitafsiri. Ni jina la mtu lililotolewa kwa utani na mpiga kinanda Bill Mathieu mwaka 1967, kikundi cha The Committee cha San Francisco kilipokuwa kikiutafutia muundo huo jina. Likiingia katika Kiswahili litakaa vyema katika ngeli ya I-ZI: Harold hii, Harold mbili. Mwandishi ataandika kwamba kikundi kimecheza Harold mbili usiku mmoja, na msomaji ataelewa kwamba Harold ni aina mojawapo ya ufaraguzi wa msuko, kama utenzi ulivyo aina mojawapo ya ushairi.