Wino wa Mama Zetu: Vitabu Vitatu vya Kutia Katika Sanduku la Bibi Harusi



Kwa kazi yangu ya kushona nguo za harusi, orodha ya sanduku naijua kwa moyo: kanga, udi, manukato, viatu, dhahabu. Msahafu nao haukosi, alhamdulillah. Ila kitabu chengine cha kusoma ni nadra kukisikia, na wapo wanaosema mwanamke msomaji hatawaliki. Historia ya visiwa vyetu inasema vyengine.

Tuanzie Siu, katika kisiwa cha Pate. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, sheikh wa Siu aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said bin Sultan wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye Mwana Kupona, naye mgonjwa, akamtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Anaanza kwa kumwita aje na karatasi na wino. Anamfundisha radhi tano: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Mwishoni anawataka wanawake wote wausome. Hebu fikirini: angewaambia wasome kama mabinti wa zama zake hawakuwa wakisoma? Mafunzo yake kuhusu mume yanajadiliwa hadi leo, na yajadiliwe. Lakini asiyeusoma utendi wenyewe atajadili nini?

Sayyid Said naye alifariki mwaka huohuo wa 1856. Miongoni mwa mabinti zake alikuwamo Sayyida Salme, aliyezaliwa kasri ya Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Qur'ani, lakini kuandika hapana. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua Sayyid Majid, aliyeandika barua za njama ile ni Salme, binti wa miaka 15 hivi. Njama ilishindwa. Baadaye aliolewa na Mjerumani na akabatizwa, jambo linalotuumiza sisi Waislamu. Hata hivyo kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, kinatuonyesha mavazi, posa, Idi na malezi ndani ya kasri, mahali ambapo wanaume wageni hawakuingia. Kalamu aliyonyimwa ndiyo iliyotuhifadhia hayo.

Wa tatu ni Siti binti Saad wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kabla ya kuwa malkia wa taarab. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927 tu, Siti akiwa mtu mzima, kwa hivyo yeye hakupata kusoma. Wasifu wake aliuandika Shaaban Robert. Tunamshukuru sana, kwani bila yeye tungebaki na nyimbo na masimulizi. Lakini tofauti mnaiona: Mwana Kupona na Salme wanasema nasi wenyewe, Siti anasemewa.

Hii ndiyo sababu ya kuvipenda vitabu hivi vitatu pamoja. Dini yetu imeshuka kwa amri ya kusoma, na amri ile haikubagua mke na mume.

Basi mama wa bibi harusi, katika sanduku la mwanao tia kitabu kimoja kati ya hivi. Tia na daftari tupu pia, aandike dua zake, mapishi ya bibi yake, na siku aliyojifungua mtoto wa kwanza. Mjukuu wako asije kuuliza habari za nyumba yenu kwa watu wa nje.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu kheri na baraka. Amin.