Livingstone (jina la ukoo)

Livingstone ni jina la ukoo lenye asili ya Uskoti, nalo limeenea hadi Marekani na Afrika. Kwa mkazi wa Lupingu, kata ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa katika Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, hili ni jina la mlima kabla ya kuwa jina la mtu. Milima ya Livingstone inasimama nyuma ya vijiji vya Wakisi kama ukuta, na anayekwenda Ludewa mjini hana budi kuikwea.

Mwanzo wa jina hili ni kijiji. Katika karne ya 12, enzi za Mfalme David wa Kwanza (1124–1153), mtu aliyeitwa Leving alimiliki ardhi magharibi mwa Edinburgh. Hati za Kilatini zinayaita makazi yake Villa Leving. Kwa Kiingereza cha kale yakawa Levingestun, maana yake makazi ya Leving. Mwisho wa jina hauna uhusiano na jiwe, hata kama tahajia ya leo inamfanya msomaji adhani hivyo. Warithi wa ardhi ile walijiita kwa jina la mahali, desturi iliyozaa majina mengi ya koo nchini Uskoti na Uingereza.

Ukoo huu wa mabwanyenye ulikaa karibu na kiti cha enzi kwa karne kadhaa. Mary Livingston alikuwa miongoni mwa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliomhudumia Malkia Mary wa Uskoti. Vyeo vya ukoo vilipotea baada ya uasi wa 1715 dhidi ya mfalme. Tawi jingine lilikuwa limeshavuka Atlantiki: Robert Livingston (1654–1728) alijipatia ardhi kubwa huko New York, na mjukuu wake Philip alitia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Wamarekani wengi huandika jina hili bila herufi e ya mwisho.

Hata hivyo Livingstone aliyelileta jina hili Afrika hakutoka katika ukoo wa mabwanyenye. Kwenye visiwa vya magharibi mwa Uskoti, watu waliosema Kigaeli na kuitwa MacLea walianza kujiita Livingstone pale Kiingereza kilipozidi kutawala shughuli za serikali na kanisa. Mojawapo ya maelezo yanayotolewa kuhusu jina lao la awali ni kwamba linatokana na Mac an Lèigh, mwana wa tabibu. Babu yake David Livingstone alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva. Mashamba yalipokosa kumlisha, mwaka 1792 hivi alihamia Blantyre, karibu na Glasgow, kwenye kiwanda cha pamba. Huko ndiko David alikozaliwa mwaka 1813, akafanya kazi kiwandani tangu utotoni, na baadaye akasomea utabibu. Kwa miaka mingi alitia saini bila e ya mwisho. Aliirudisha katika miaka ya 1850.

David Livingstone alifika Ziwa Nyasa Septemba 1859 akitokea kusini, na mwaka 1861 akapita kwa mashua kandokando ya pwani ya magharibi. Ufukwe wa Lupingu hakuukanyaga. Aliyeipa milima jina hilo ni Edward Daniel Young, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeiongoza misheni ya Livingstonia. Mwaka 1875 Young alilizunguka ziwa kwa meli ndogo ya mvuke, Ilala, iliyopewa jina la nchi ambako Livingstone alifia. Alipoiona safu ile upande wa kaskazini-mashariki, aliiita kwa jina la marehemu. Wajerumani walipoitawala nchi hawakulibadili: ramani zao zinaandika Livingstone-Gebirge.

Milima yenyewe ni ukingo wa Bonde la Ufa. Uso wa ziwa uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilele viko zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo mfupi mno hata njia nyingi za kushukia ni za miguu tu. Chini wako Wakisi, wavuvi wa usipa na wakulima wa muhogo. Wanawake wao ni wafinyanzi hodari, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi kwenye masoko ya Kyela. Juu wako Wapangwa na Wakinga, kwenye baridi na ukungu. Watu hawa walikuwa na majina yao ya vilele, mito na mabonde kabla ya Ilala kutoa moshi ziwani, na ni haki yao majina hayo yaandikwe kwenye ramani sambamba na lile la mgeni. Ramani inayotaja Livingstone pekee inamsifu mtu ambaye hakufika na kuwanyamazia waliokuwapo.

Haki hiyohiyo wanaidai waliombeba. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliuchukua mwili hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miongoni mwao walikuwa vijana waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, ambako walipewa majina ya Kiingereza: Jacob Wainwright, aliyeusindikiza mwili hadi kaburini Westminster Abbey, na Matthew Wellington, aliyeishi Mombasa hadi mwaka 1935. Wainwright kwa asili ni jina la ukoo wa mafundi wa magari ya kukokotwa. Jacob, Myao kwa kuzaliwa, alifariki Urambo mwaka 1892 akiwa bado analo. Kupitia watu kama hao, na kupitia kituo cha Frere Town kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, majina ya koo za Kiingereza yaliingia katika familia za pwani mapema kuliko utawala wa Waingereza.

Baada ya hapo Livingstone likawa jina la ubatizo. Waprotestanti wa Afrika Mashariki walilichukua kama walivyochukua Wycliffe, Wilberforce na Wesley, yote yakiwa majina ya koo huko yalikotoka. Askofu Mkuu Livingstone Mpalanyi Nkoyoyo aliliongoza Kanisa la Uganda kuanzia 1995 hadi 2004. Livingstone Lusinde aliingia Bunge la Tanzania mwaka 2010 kama mbunge wa Mtera, Dodoma.

Utaratibu wa majina matatu umelipa jina hili safari nyingine. Mtoto hubeba jina lake, kisha la baba, kisha la babu au la ukoo. Livingstone wa ubatizo huwa jina la kati kwa mwanawe, na kwa mjukuu linaweza kukaa mwisho, mahali ambapo pasipoti huhesabu jina la ukoo. Nyanda za juu za Njombe majina ya koo kama Sanga, Haule na Mahenge bado yana nguvu, kwa hiyo Livingstone hukaa zaidi mwanzoni au katikati kuliko mwishoni.